Mkulima Mpya na Teknolojia: Kweli au Si Kweli?

Mstaafu akirudi kijijini na kiinua mgongo, au kijana akikodi ekari mbili, hakosi washauri. Tupime baadhi ya wanayoambiwa.

"Asiyetumia mbegu chotara hajaelimika."

Si kweli. Mahindi chotara ya H611 yalipotolewa Kitale mwaka 1964, wakulima wadogo wa Kenya waliyapokea bila kubembelezwa. Hata hivyo, miongo kadhaa baadaye, mchumi Tavneet Suri alionyesha kwamba wengi huyapanda msimu mmoja na kuyaacha mwingine. Wako ambao yangewalipa vizuri, lakini duka la pembejeo liko mbali mno. Na wako ambao mashamba yao hayaongezi mavuno ya kufidia gharama. Kwa hiyo ukimwona jirani ameacha, muulize sababu kabla ya kumcheka.

"Chotara lazima ununue kila msimu."

Kweli. Ukirudia punje zake, mavuno hushuka. Asiye na fedha hiyo kila mwaka apande mahindi ya Staha au TMV-1, ambayo si chotara na mbegu yake huweza kurudiwa misimu michache.

"Mbolea ya dukani imechakachuliwa."

Hapa inategemea uko wapi. Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta mbolea ya madukani imepungukiwa naitrojeni kwa takriban asilimia 30, na mbegu zilizouzwa kama chotara zilikuwa zimechanganyika na za kawaida. Morogoro, Tanzania, mambo yalikuwa tofauti. Watafiti walinunua Urea kwa wauzaji wa mkoa huo, wakaipima maabara, wakakuta karibu yote ina naitrojeni inayotakiwa. Wakulima wa huko huko waliamini ni feki! Walikuwa wanaihukumu kwa macho: madonge, rangi iliyofifia, takataka kidogo. Urea hunyonya unyevu, na ikikaa kwenye stoo mbovu huganda. Lakini kuganda si kuisha nguvu. Kwangu mimi, hakuna uvumi unaomtia hasara mkulima mpya kama huu. Anaweka mbolea pungufu kwa kuiogopa, mahindi yanatoka membamba, kisha anasema aliuziwa feki.

"Ukianza, anza na kifurushi chote cha wataalamu."

Si kweli kila mahali. Busia, magharibi mwa Kenya, Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walijaribu viwango mbalimbali kwenye mashamba ya wakulima wenyewe. Kilicholipa ni nusu kijiko cha chai cha mbolea ya kukuzia kwa kila mche. Kifurushi kamili kilichopendekezwa na serikali, cha mbegu chotara pamoja na mbolea ya kupandia na ya kukuzia, kiliongeza mavuno, ila kwa mkulima wa kawaida hakikurudisha gharama.

"Kinachomzuia mkulima ni bei tu."

Nusu kweli. Watafiti hao hao waliwapa wakulima nafasi ya kulipia mbolea mara tu baada ya mavuno, fedha ikiwa bado mkononi, na kuletewa nyumbani bila nauli. Walionunua wakaongezeka sana. Nafuu hiyo ilipotolewa baadaye, wakati wa kuihitaji mbolea, haikuvuta watu kiasi hicho, kwa sababu ada za shule, harusi na misiba vilikwisha kupita na fedha.

"Kitalu nyumba hukinga nyanya na magonjwa yote."

Si kweli. Bakteria wa mnyauko wanakaa kwenye udongo, na nailoni iko juu. Ukirudia nyanya humo humo, au ukabadilisha kwa hoho na bilinganya ambazo ni ukoo mmoja na nyanya, unawalisha bakteria hao.

"Ukiwa na simu janja, bwana shamba wa nini?"

Bado unahitaji mtu wa kukushauri, kwani video haijui udongo wako. Nchini Malawi, utafiti ulionyesha kwamba wakulima hushawishika zaidi na mwenzao mwenye hali kama yao. Huyo anaishi jirani nawe.

Msimu huu, basi, nunua mbegu yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu Tanzania, na udai risiti. Weka mbolea, lakini acha mistari michache bila kuitia. Siku ya kuvuna pima idadi sawa ya mistari ya pande zote mbili kwa debe lile lile, uandike, ndipo uamue kuhusu ekari zilizobaki.