Jina la Mbwa

Mtu akipewa mbwa aliyekulia katika nyumba nyingine, hutamani kumpa jina jipya siku ile ile. Lakini yafaa kwanza aulize, "Huko alikotoka aliitwaje?" Kwani mbwa hajui maana ya jina, hujua sauti yake tu, na mambo yanayoifuata sauti hiyo. Ikiwa alipoitwa alipewa chakula, atakuja mbio. Basi mwachie jina lake. Ikiwa alipoitwa alipigwa, atajikunyata na kufyata mkia. Huyo mpe jina jingine.

Jina na liwe fupi, kama Simba au Chui, lipate kusikika mbali. (Mbwa wengi waitwao Simba ni waoga, lakini hilo si neno.) Wala lisifanane na amri: mbwa aitwaye Kaka atawezaje kulipambanua na "Kaa"? Tena usimpe jina la jirani, usije ukaleta ugomvi.

Kisha mwite kwa upole, naye akija mpe tonge la ugali. Akikosa, usimwite ili umpige, mwendee mwenyewe. Maana siku atakapomkimbilia nyoka majanini, utakuwa na neno hilo moja tu la kumrudisha.