Kuongeza nguvu za injini: ujifanyie mwenyewe au umpe fundi?

Jumamosi iliyopita mpwa wangu alinikuta barazani baada ya swala ya alasiri, kompyuta mkononi. "Shikamoo mjomba. Nimepata waya na programu, leo tunaliongeza nguvu gari." Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX, limekuja na meli kutoka Japani likiwa limeshatumika, na bado analilipia mkopo wa sacco. Nikamwitikia marahaba, kisha nikamwambia aketi kwanza.

Sikumzuia kwa sababu ya uzee. Nina stashahada ya ufundi wa magari, na miaka kumi na tano nyuma nilifanya hayo hayo. Nilipandisha shinikizo la turbo kwa vali ya kuzungusha kwa mkono, bila ya kipimo chochote cha mafuta. Wiki mbili nilikuwa mfalme wa barabara ya Mtwapa. Wiki ya tatu injini ikaanza kutetemeka na kutoa moshi. Kuifungua, pistoni moja imevunjika pale panaposhika ringi. Injini nyingine kuukuu ilimeza akiba yangu ya mwaka mzima, na mama watoto hajaacha kunikumbusha.

Kosa langu lilikuwa nini? Injini ya petroli inataka mambo matatu: hewa, mafuta, na cheche kwa wakati wake. Kompyuta ya gari ndiyo inayoyapanga. Ili petroli iungue yote, gramu moja huhitaji gramu 14.7 za hewa. Turbo inaposukuma kwa nguvu, kompyuta huongeza petroli mpaka gramu moja ikapata gramu 11 au 12 tu za hewa, kwa sababu ile ya ziada husaidia kupoza ndani ya silinda. Ukiongeza hewa bila ya mafuta kutosha, au ukiiwahisha cheche kupita kiasi, sehemu ya mchanganyiko hujilipukia yenyewe. Mafundi husema injini "inagonga". Kwenye kasi kubwa, kwa kelele za ekzosi, huenda usisikie kitu mpaka pistoni imekwenda.

Hapa kwetu pwani hatari huzidi. Joto letu huifanya hewa inayoingia kuwa ya moto, na hewa moto huiharakisha injini kugonga. Magari mengi ya mbio ya Japani yalipangiwa petroli ya daraja la juu ya kule, ambayo hufika okteni 100. Super yetu ya kawaida haifiki huko. Kwa hiyo faili la kompyuta alilolitengeneza mtu wa Osaka au London kwa gari lake si dawa ya gari lako. Hata gari lililopangwa Nairobi, mita zaidi ya 1,600 juu ya bahari, lipimwe tena likishuka Mombasa. Hewa ya huku ni nzito zaidi.

Je, kuna ya kujifanyia mwenyewe? Yako mengi. Badilisha oili kwa wakati, plagi na chujio la hewa. Safisha sensa ya hewa kwa dawa yake maalumu, si kwa petroli na kitambaa. Kagua mipira ya turbo kama imechanika. Nunua kifaa cha kusoma makosa ya kompyuta. Tazama breki na tairi pia, maana gari linaloongezwa mbio halafu likakosa kusimama ni msiba wa wenzako barabarani, si wako peke yako.

Kuibadilisha kompyuta yenyewe ni jambo jingine. Kwa Subaru iko programu ya bure iitwayo RomRaider, na wako waliojifunza nayo wakafaulu. Lakini walikuwa na sensa ya kupima mchanganyiko wa mafuta, wakarekodi kila safari, wakabadilisha kidogo kidogo. Kama huna sensa hiyo wala subira hiyo, na gari ndilo linalokupeleka kazini, mpe fundi.

Na si kila anayejiita fundi. Mzuri hupima kompresheni ya kila silinda kabla ya kugusa kitu. Hukuuliza unatia petroli gani. Hupima kwenye daino, ile mashine ambayo gari hukimbia juu yake limefungwa mahali pamoja, akakuonyesha nguvu za kabla na za baada. Hukuwekea faili la asili. Anayekuahidi nguvu nyingi kabla ya kufungua boneti, muage kwa wema. Na ukishamaliza, iarifu kampuni ya bima. Ukinyamaza, siku ya ajali wanaweza kukataa kulipa.

Mpwa wangu aliweka kompyuta chini, tukafungua boneti. Mpira mmoja wa hewa baada ya turbo ulikuwa umepasuka kwa chini. Tukaubadilisha, akaliendesha mpaka daraja la Nyali na kurudi. Alirudi anacheka: "Mjomba, kumbe nguvu zilikuwa zikivuja tu!"

Sasa anaweka pesa za daino kidogo kidogo. Insha'Allah akizitimiza nitakwenda naye, nikae nyuma ya fundi nitazame. Nilishalipa ada ya somo hili, sioni haja ya yeye kuilipa tena.