Mipangilio ya Kuingia Kwenye Terminali Katika Mifumo ya Jamii ya Unix: Ufafanuzi wa Utendaji na Utatuzi wa Hitilafu kwa Kurejelea Mazingira ya Muleba, Kagera

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua namna mfumo wa uendeshaji wa jamii ya Unix unavyompokea mtumiaji kwenye terminali, faili zinazoongoza mapokezi hayo, na njia ya kutafuta chanzo pale mtumiaji halali anapokataliwa. Mazingira yanayorejelewa ni ya Wilaya ya Muleba mkoani Kagera, na uteuzi huo una sababu. Muleba ina maeneo ya nchi kavu kama Kamachumu na Nshamba, na ina visiwa vilivyomo ndani ya Ziwa Victoria, vikiwamo Bumbire, Goziba na Ikuza. Kompyuta iliyoko kisiwani ikikataa watumiaji wake, fundi aliyeko Bukoba mara nyingi hana njia ya kuirekebisha akiwa mbali, kwa kuwa njia ya mbali nayo hupita kwenye ukaguzi ule ule uliogoma. Itamlazimu asafiri kwa barabara, kisha avuke maji. Hitilafu ambayo mjini ingetatuliwa kwa dakika tano huweza kuifunga ofisi kwa siku mbili au tatu.

Aidha, kwa miaka mingi Mkoa wa Kagera ulipata umeme wake kutoka Uganda, nje ya gridi ya Taifa. Umeme unaokatika ghafla ni chanzo kimojawapo cha hitilafu zinazojadiliwa hapa, hivyo suala la nishati haliwezi kutenganishwa na suala la kuingia.

2.0 Kutoka mashine ya kuchapa hadi skrini

Istilahi nyingi katika eneo hili haziwezi kueleweka bila historia yake. Unix ilianza kutengenezwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1969 na Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao. Watumiaji wake wa mwanzo waliketi mbele ya mashine za kuchapa zilizounganishwa kwa waya, maarufu ikiwa Teletype Model 33. Kutokana na jina hilo, kifaa chochote cha kuingilia huitwa tty hadi leo, hata pale ambapo hakuna karatasi wala wino. Mashine hizo hazikuwa na uwezo wa kufuta herufi iliyokwisha kuchapwa. Kwa sababu hiyo, alama # ilitumika kuuambia mfumo uisahau herufi iliyotangulia, na alama @ kuuambia uusahau mstari mzima.

Urithi huu si wa makumbusho tu. Programu ya agetty, inayouliza jina la mtumiaji katika mifumo mingi ya Linux, iliendelea kuzitambua alama hizo mbili kama vifutio hadi toleo la 2.23 la mkusanyiko wa util-linux lilipoacha desturi hiyo. Katika mashine yenye toleo la zamani, mtumiaji anayeandika anwani yake ya barua pepe mahali pa jina huishia kuwasilisha kipande cha baada ya @ pekee, kisha hulaumu nywila yake.

3.0 Mnyororo wa mapokezi

Mapokezi ya mtumiaji yanafanana na desturi ya kubisha hodi: anayebisha huulizwa ni nani, huthibitishwa, kisha hukaribishwa ndani na kuonyeshwa pa kukaa. Katika Unix kila hatua ina mtendaji wake. Programu ya kwanza kuanzishwa na kiini, ambayo ni init au, katika mifumo mingi ya sasa, systemd, huanzisha getty kwenye kila terminali. Getty huandaa mstari wa mawasiliano, huonyesha maandishi yaliyomo katika faili la /etc/issue, huuliza jina, kisha humkabidhi mgeni kwa programu ya login. Login huomba nywila, hupitisha maombi kwenye moduli za PAM, huweka mazingira ya kazi, na mwishowe huanzisha sheli iliyotajwa katika sehemu ya saba ya mstari wa mtumiaji ndani ya /etc/passwd. Mtumiaji anapotoka, getty huanzishwa upya.

Mnyororo huu ndio msingi wa utatuzi wote. Swali la kwanza la fundi liwe hili: mgeni amefika hatua gani? Kama hakuna hata swali la jina, tatizo liko kwa getty au kabla yake. Kama jina linaulizwa lakini herufi zinavurugika, tatizo ni la mstari. Kama nywila inakataliwa, tatizo liko kwa PAM au kwenye akaunti. Kama nywila inakubaliwa kisha mtumiaji anarudishwa papo hapo kwenye swali la jina, sheli yake ichunguzwe kabla ya kitu kingine chochote. Huenda programu yake imeondolewa, au njia yake katika /etc/passwd imekosewa kwa herufi moja. Mafundi wengi huanza kwa kubadilisha nywila katika hali zote nne, na katika tatu kati yake kazi hiyo ni bure.

4.0 Mstari wa mawasiliano

Seva nyingi zisizo na skrini hufikiwa kwa waya unaopitisha biti moja baada ya nyingine. Pande mbili za waya huo sharti zikubaliane kuhusu kasi. Upande mmoja ukiwa kwenye biti 9600 kwa sekunde na mwingine kwenye 115200, kinachoonekana ni takataka za alama zisizosomeka. Agetty huweza kupewa orodha ya kasi, kwa mfano 115200,38400,9600, na kila inapopokea ishara ya Break huhamia kasi inayofuata. Katika systemd, huduma inayosimamia lango la kwanza la aina hii ni serial-getty@ttyS0.service. Katika FreeBSD, terminali huorodheshwa katika /etc/ttys na kasi zake hufafanuliwa katika /etc/gettytab.

Hitilafu nyingine za mstari hutambulika kwa macho. Maandishi yanayoshuka kama ngazi, kila mstari ukianzia pale ulipoishia uliotangulia, yanaonyesha kuwa mpangilio wa onlcr umezimwa. Kitufe cha kufuta kinachoandika ^H au ^? kinaonyesha kuwa terminali na mfumo havikubaliani kuhusu herufi ya kufuta, na amri ya stty erase huwapatanisha. Skrini iliyoganda kabisa huenda haijaganda: mtu amebonyeza Ctrl na S, na Ctrl na Q huirudisha. Pale ambapo kila kitu kimevurugika, amri ya stty sane hurejesha hali ya kawaida, ingawa huenda ikahitaji kukamilishwa kwa Ctrl na J kwa kuwa kitufe cha Enter nacho hakieleweki tena.

Ipo pia tabia ya getty za zamani ambayo humshangaza asiyeijua. Jina likiandikwa lote kwa herufi kubwa, getty hukisia kwamba imeunganishwa na terminali isiyo na herufi ndogo kabisa, na kuanzia hapo hubadilisha herufi zote. Katika agetty ya sasa tabia hiyo haifanyi kazi mpaka iombwe kwa chaguo la -U.

5.0 Ujumbe wa kukataliwa na lugha yake

Nywila inapoandikwa kwenye terminali, skrini haionyeshi chochote, hata nyota. Mtumiaji aliyezoea simu hudhani kibodi imekufa, huandika upya juu ya alichokwisha kuandika, na hukataliwa. Mafunzo ya watumiaji wapya yafaa yaanzie hapo.

Login hupokea jina lisilokuwepo na bado huomba nywila, kisha hutoa jibu moja kwa makosa yote mawili. Kusudi lake ni kwamba mvamizi asijue ni majina gani yapo. Hapa ndipo tafsiri ya Kiswahili inahitaji uangalifu kuliko inavyodhaniwa. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulithibitisha kuwa programu huria zinaweza kuzungumza Kiswahili sanifu. Lakini katika programu za ofisi, ujumbe unaoeleza kosa kwa undani ni sifa njema. Katika mlango wa kuingilia, undani huo ni udhaifu. Mfasiri akiandika "Nywila si sahihi", amekwisha kumthibitishia asiyehusika kwamba jina ni la kweli. "Jina au nywila si sahihi" hulinda siri hiyo, hata kama ni refu zaidi na halimsaidii sana mtumiaji mwaminifu.

Siri hiyo hiyo inahusu kumbukumbu za mfumo. Faili la /etc/login.defs lina kigezo LOG_UNKFAIL_ENAB, kinachoamua kama majina yasiyojulikana yaandikwe katika kumbukumbu. Kwa kawaida huwekwa "no". Mtumiaji mwenye haraka mara nyingine huandika nywila yake mahali pa jina, na kigezo hicho kikiwashwa, nywila hiyo itabaki katika kumbukumbu ikisomeka.

Kuhusu majina yenyewe, alfabeti ya Kiswahili na ile ya Kihaya hazina alama za juu ya herufi, hivyo majina mengi ya Kagera hayasumbui. Jina lenye ng', kama yalivyo mengi ya Kisukuma upande wa pili wa ziwa, hukataliwa na useradd kwa sababu ya ile alama ya ritifaa. Ofisi iamue mapema kuiondoa kwa utaratibu mmoja, badala ya kila fundi kubuni wake.

6.0 Nywila sahihi, jibu la kukataa

Hali inayosumbua zaidi ni ya mtumiaji anayeandika nywila sahihi na kukataliwa. Vyanzo vyake viko katika PAM, utaratibu uliopendekezwa na wahandisi wa kampuni ya Sun mwaka 1995 ili kila ukaguzi uwe moduli inayojitegemea.

Moduli ya pam_faillock, ikiachwa na vigezo vyake vya awali, huifunga akaunti baada ya makosa 3 kwa sekunde 600. Wakati huo hata nywila sahihi hukataliwa, na anayejaribu mfululizo hupoteza muda wake. Amri ya faillock --user ikifuatiwa na jina na --reset huifungua. Kwa kuwa hesabu hiyo kwa kawaida hutunzwa katika /var/run, ambayo hufutika mashine inapozimwa, kuzima na kuwasha pia "huponya", na pengine ndiyo sababu dawa hiyo ina sifa kubwa kuliko inavyostahili.

Moduli ya pam_nologin huwazuia wote isipokuwa root pale faili la /etc/nologin au /run/nologin linapokuwepo. Systemd huliweka la pili mashine inapoamka na kuliondoa maandalizi yakikamilika. Ichukuliwe kompyuta ya Kamachumu inayotegemea folda iliyo kwenye seva ya Bukoba. Umeme unarudi, mashine inawaka, lakini kiungo cha mtandao bado hakijarudi. Systemd husubiri folda hiyo, kwa kawaida sekunde 90, na muda wote huo watumiaji huambiwa mfumo bado unaamka. Anayeizima tena kwa hasira huanza kuhesabu sekunde hizo upya. Chaguo la nofail katika /etc/fstab huondoa kusubiri huko.

Saa nayo hulaumiwa mara nyingi. Betri ndogo ya ubaoni ikifa, kila umeme unapokatika tarehe hurudi nyuma. Kinyume na imani ya wengi, jambo hilo peke yake halizuii nywila ya kawaida: pam_unix ikiona nywila iliyobadilishwa "siku zijazo" huandika onyo na kuruhusu. Zinazokwama ni njia zinazotegemea saa, kama namba za muda za simu na Kerberos, ambayo kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika 5 tu. Tarehe iliyoruka mbele ndiyo ya hatari, kwa kuwa huweza kuifanya akaunti ionekane imekwisha muda. Amri ya chage -l huonyesha tarehe hizo.

Yeyote anayehariri faili za /etc/pam.d aache kikao kimoja cha root kikiwa wazi na ajaribu kuingia kwa kingine. Kosa la herufi moja huko huweza kumfungia kila mtu nje, root akiwamo.

7.0 Mlango wa dharura

Umeme ukikatika diski ikiandikwa, mfumo wa faili huweza kuharibika kiasi cha systemd kusimama katika hali ya dharura na kuomba nywila ya root. Katika Ubuntu akaunti ya root hufungwa tangu usakinishaji, hivyo mashine hutangaza kwamba haiwezi kufungua mlango kwa kuwa root imefungwa, na hapo hakuna jina wala nywila itakayofaa. Njia iliyobaki ni kubonyeza e katika menyu ya GRUB, kuongeza init=/bin/bash mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, na kuendelea kwa Ctrl na X. Baada ya hapo diski hufunguliwa kwa kuandikwa kwa amri ya mount -o remount,rw /, faili husahihishwa, na mashine huwashwa upya. Mfumo wenye SELinux huhitaji pia faili tupu la /.autorelabel iwapo /etc/shadow imeguswa.

Njia hiyo haimuulizi mtu nywila yoyote. Anayeweza kuigusa kibodi anaweza kuitumia, na kinga yake ni nywila ya GRUB au usimbaji wa diski. FreeBSD huliweka suala hili wazi: neno insecure kwenye mstari wa console ndani ya /etc/ttys hulazimisha nywila ya root hata katika hali ya mtumiaji mmoja.

Kufungwa kwa root kunatetewa vizuri na miongozo ya usalama iliyoandikwa kwa ajili ya vituo vya data vyenye mafundi usiku na mchana. Kwa mashine ya Goziba, hoja hiyo ni dhaifu. Inafaa zaidi root iwe na nywila ndefu iliyofungwa katika bahasha ndani ya kasha la ofisi, pamoja na marufuku ya root kuingia kwa mtandao katika sshd_config, ili mtumishi aliyepo aweze kuelekezwa kwa simu bila fundi kuvuka ziwa. Nywila hiyo isiwe na Y wala Z. Katika hali ya dharura mpangilio wa kibodi huweza kurudi ule wa Marekani, na kwenye kibodi ya Kijerumani, ambayo hupatikana kwenye kompyuta zilizotumika kutoka Ulaya, herufi hizo mbili hubadilishana mahali bila kuonekana, kwa kuwa skrini haionyeshi kinachoandikwa.