Gololi Mbili, Kivuko na Gesi ya Mnazi Bay

Watoto wa Mtwara wanaocheza gololi wanalijua pigo hili: gololi inarushwa, inaipata nyingine katikati barabara, inasimama palepale, na ile iliyokuwa imetulia ndiyo inayochomoka. Sharti zilingane uzito. Gololi kubwa ikiigonga ndogo, zote mbili husonga mbele. Ndogo ikiigonga kubwa, ndogo hurudi ilikotoka.

Pigo hilo liliwahi kuwashinda wanafalsafa wakubwa wa Ulaya. Mwaka 1644 René Descartes aliandika kwamba kitu kikigonga kingine cha ukubwa uleule kilichotulia, hukiachia robo tu ya mwendo wake, chenyewe kikarudi nyuma na robo tatu zilizobaki. Gololi mbili zingetosha kuonyesha kuwa si kweli. Descartes alihesabu wingi wa mwendo akauacha mwelekeo, ilhali momentamu, yaani tungamo la kitu mara velositi yake, ina mwelekeo. Ya kitu kinachokwenda kusini hupunguza ya kile kinachokwenda kaskazini.

Aliyelifumbua fumbo ni Mholanzi Christiaan Huygens, katika miaka ya 1650, ingawa kitabu chake kuhusu migongano kilichapishwa mwaka 1703, miaka 8 baada ya kifo chake. Hoja yake ni miongoni mwa hoja nzuri kabisa katika fizikia yote, na watu wa pwani wataielewa upesi, kwa sababu aliijenga juu ya chombo cha majini kinachopita kando ya ukingo.

Tuseme kivuko cha MV Mafanikio kinatoka Msemo kwenda Msangamkuu, bahari shwari, kwa mita 2 kwa sekunde. Abiria mmoja ana gololi mbili zinazolingana. Anazituma zigongane uso kwa uso juu ya sitaha, kila moja kwa mita 2 kwa sekunde. Kwake yeye hakuna sababu ya moja kuishinda nyingine: zinagongana, kila moja inarudi kwa kasi ileile. Sasa aulizwe mtu aliyebaki ufukweni Msemo. Gololi iliyoelekea Msangamkuu imebebwa pia na kivuko, hivyo yeye anaiona ikienda mita 4 kwa sekunde. Ile iliyoelekea Msemo, mwendo wake umefutwa na mwendo wa kivuko. Anaiona imetulia tuli. Baada ya mgongano, ya kwanza ndiyo iliyotulia na ya pili inakwenda mita 4 kwa sekunde. Zimebadilishana velositi. Aljebra haikuhitajika, ilitosha kuhama kutoka sitahani hadi ufukweni.

Hoja hiyo inadai kwamba kila gololi irudi kwa kasi iliyokuja nayo. Kioo hukaribia kulitimiza dai hilo, udongo hapana. Madonge mawili ya udongo mbichi, kila moja gramu 5, moja likienda mita 4 kwa sekunde na jingine limetulia, yatagandana na kusonga pamoja kwa mita 2 kwa sekunde. Momentamu imebaki ileile, maana 5 mara 4 ni sawa na 10 mara 2. Nishati mwendo ndiyo iliyopungua nusu, kutoka jouli 0.04 hadi 0.02, nusu iliyopotea imekwenda kuuponda udongo na kuupasha joto. Kwa hiyo anayetaka kujua matokeo ya mgongano hawezi kuitegemea momentamu peke yake. Lazima aulize pia nishati imekwenda wapi.

Wacheza pool nao watapinga kwamba mpira mweupe mara nyingi hausimami kabisa. Wako sahihi. Mpira unaobingirika una mzunguko, na mzunguko hauhamii kwa mwenzake. Husimama kitambo kidogo, kisha mzunguko ukausukuma tena hadi sehemu 2 kwa 7 za kasi ya awali, na ule uliogongwa hutulia kwenye sehemu 5 kwa 7.

Sheria hiyohiyo ya migongano inafanya kazi mahali pasipoonekana. Nyutroni, ambayo James Chadwick aliigundua mwaka 1932, ina tungamo karibu sawa na la protoni, na protoni moja ndiyo kiini cha haidrojeni. Nyutroni ikiipiga uso kwa uso, inasimama. Ikipiga kiini cha oksijeni, chenye uzito mara 16, inarudi na sehemu 15 kwa 17 za kasi yake. Migongano mingi ni ya pembeni, lakini tofauti ni kubwa vilevile: kuishusha nyutroni kutoka elektronivolti milioni 2 hadi kasi ya joto la kawaida, haidrojeni huhitaji migongano 18 hivi, oksijeni kama 150.

Watafutaji wa gesi hulitumia jambo hilo kote duniani. Chombo chenye chanzo cha nyutroni hushushwa kisimani kwa waya. Mchanga ni silikoni na oksijeni, hauzipunguzi kasi sana. Vitundu vya mwamba vikijaa maji, haidrojeni huzipunguza kasi karibu na chanzo. Vikijaa gesi, molekuli zimeachana, haidrojeni ni chache, na nyutroni nyingi hufika mbali hadi kwenye kipokezi. Mwamba usio na vitundu nao hutoa jibu kama hilo, ndiyo maana wahandisi hulilinganisha na kipimo cha uzito wa mwamba kabla ya kusema hapa pana gesi.

Gesi ya Mnazi Bay, karibu na Msimbati, imo katika miamba ya mchanga ya namna hiyo. Kampuni ya AGIP ya Italia iliigundua mwaka 1982, na tangu mwaka 2015 inasafishwa Madimba na kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba. Walimu wa fizikia wa mkoa wa Mtwara wasiishie kwenye fomula ubaoni. Wawaonyeshe wanafunzi kwamba sura ya migongano katika kitabu chao ndiyo inayotumika kusoma visima vya gesi.