Kidole kimoja hakivunji chawa: Butare na vita dhidi ya udumavu

Anayeitafuta Butare katika ramani ya Rwanda hana budi kuuliza kwanza ni Butare ipi. Iliyo mashuhuri ni ile ya kusini, mji wa chuo kikuu na makumbusho, ambao tangu mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 hujulikana kwa jina la Huye. Inayozungumzwa hapa ni Butare nyingine, isiyotajwa sana magazetini. Hiyo ni mojawapo ya kata 18 za Wilaya ya Rusizi, katika sehemu iliyokuwa ikiitwa Mkoa wa Cyangugu, pembe ya kusini-magharibi ambako Rwanda hupakana na Kongo na Burundi. Kata kama hiyo kwa Kinyarwanda huitwa umurenge.

Wilaya hiyo haikunyimwa neema. Mvua hunyesha, msitu wa Nyungwe hutunza chemchemi za maji, na katika tambarare ya Bugarama mpunga hustawi. Mgeni angeweza kudhani kwamba mahali kama hapo mtoto hawezi kukosa lishe. Kumbe ghala kujaa ni jambo moja, na sahani ya mtoto kuwa na chakula kinachofaa ni jambo jingine. Mpunga huuzwa, ndizi huuzwa, mayai huuzwa, na mtoto hubaki na uji wa mahindi au wa muhogo mtupu, asubuhi na jioni.

Mtoto wa namna hiyo halii kwa njaa, kwa kuwa tumbo lake limejaa. Hucheza na wenzake, naye huonekana mzima. Lakini apimwapo urefu, hukutwa mfupi kuliko inavyompasa mtoto wa umri wake. Hali hiyo ndiyo iitwayo udumavu. Kinachodumaa si mifupa peke yake. Akili nayo hucheleweshwa, na mwili hukosa nguvu ya kupigana na maradhi. Siku 1,000 za mwanzo, kuanzia mimba itungwapo hadi mtoto atimizapo miaka miwili, ndizo zinazoamua sehemu kubwa ya jambo hilo. Zikipita bure, hasara yake ni vigumu kuifidia.

TAKWIMU ZINASEMA NINI

Uchunguzi wa afya na hali ya kaya uliofanywa nchini Rwanda kwa nyakati mbalimbali unatoa fundisho kubwa. Mwaka 2000, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa, 196 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Katika uchunguzi wa mwaka 2019 na 2020 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi 45. Hayo ni mafanikio ambayo nchi nyingi zingejivunia.

Udumavu nao ulipungua, lakini kwa mwendo wa kobe. Mwaka 2005 watoto 51 katika kila 100 walikuwa wamedumaa; mwaka 2010 walikuwa 44; mwaka 2015 walikuwa 38; na mwaka 2020 walikuwa 33. Katika Jimbo la Magharibi, ambalo Rusizi imo ndani yake, walikuwa bado 40 katika kila 100.

Kwa nini kifo kilirudi nyuma haraka kuliko udumavu? Chanjo, chandarua na dawa ya malaria ni vitu ambavyo idara ya afya inaweza kuvifikisha kijijini kwa jitihada yake yenyewe. Lakini hakuna chanjo ya udumavu. Mtoto hudumaa kwa sababu mama yake hakula vya kutosha alipokuwa mjamzito. Kwa sababu maji ya kisima ni machafu na kuhara hakuishi. Kwa sababu mama huondoka alfajiri kwenda shambani au sokoni, na mtoto huachwa na dada yake mwenye miaka saba. Kwa sababu baba akipata fedha hakumbuki mboga. Ukiyatazama mambo hayo moja moja, utaona kwamba kila moja lina ofisi yake: hili la afya, lile la maji, hili la kilimo, lile la elimu. Na la mwisho halina ofisi yoyote isipokuwa nyumba yenyewe. Wahenga walisema kweli: kidole kimoja hakivunji chawa.

KAZI YA KILA MMOJA

Katika vijiji vya Butare, kama katika Rwanda nzima, wa kwanza kazini ni washauri wa afya. Mpango wao ulianza mwaka 1995. Hao si waganga waliotumwa kutoka mjini. Ni wanakijiji waliochaguliwa na majirani zao, nao hawalipwi mshahara. Huwa na mizani, mkeka wa kupimia urefu, na utepe wa rangi wa kupimia mkono wa mtoto. Utepe ukionyesha nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, mtoto mwenye umri wa miezi sita hadi miaka mitano amekonda mno, na hupelekwa kituo cha afya bila kukawia. Utepe hauonyeshi udumavu. Ndiyo sababu mkeka nao ni wa lazima.

Lakini mizani hailishi. Mshauri akisha kuona kwamba mtoto hakui, hapana budi awepo mwingine wa kuupokea mzigo. Hapo huingia bwana shamba na bustani ya jikoni, ambayo Wanyarwanda huiita akarima k'igikoni, kitalu cha mboga kilichoinuliwa karibu na nyumba ili maji ya kuoshea vyombo yasipotee bure. Huingia pia mpango wa Girinka wa mwaka 2006, ambao huipa familia maskini ng'ombe kwa sharti kwamba ndama jike wa kwanza apewe jirani. Kwa mpango huo maziwa hupita kutoka nyumba hadi nyumba, na upendo nao hupita.

Kiwanda nacho kina sehemu yake. Tangu mwaka 2017 unga ulioongezwa virutubisho, uitwao Shisha Kibondo, umekuwa ukitengenezwa nchini na kugawiwa kwa kina mama wajawazito na watoto wachanga wa familia zisizojiweza. Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi wananchi hukusanyika kwa kazi ya umuganda, na siku hiyo huweza kuchimba mfereji, kutengeneza njia ya kwenda zahanati au kumlimia mjane bustani. Viongozi wa wilaya nao, tangu mwaka 2006, hutia saini ahadi za kazi ziitwazo imihigo, na mwisho wa mwaka huulizwa walichotimiza.

Wanajeshi na polisi hawakubaki pembeni. Wiki ya Jeshi, iliyoanza mwaka 2009, ilizoesha wananchi kuwaona askari wakitibu wagonjwa na kujenga nyumba za wasiojiweza. Mwaka 2024 jeshi na polisi walizifanya kazi za namna hiyo kwa pamoja.

FUNDISHO LA IRINGA

Jambo hili si geni kwa Afrika Mashariki. Mwaka 1983 mkoani Iringa, Tanzania, ulianzishwa mpango wa lishe uliosaidiwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya watoto na ya afya, kwa fedha za Italia. Ulianza katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kila baada ya miezi mitatu katika siku ya afya ya kijiji, na matokeo hayakufungiwa kabatini. Yalisomwa mbele ya serikali ya kijiji, na wazazi waliulizana: kwa nini mtoto huyu hakuongezeka? Jibu lilipokuwa kwamba mama hana nafasi ya kumlisha mara nyingi, walianzisha kituo cha kulelea watoto wadogo. Lilipokuwa kwamba uji ni mzito na mtoto haumalizi, walifundishana kutumia kimea. Katika vijiji hivyo watoto wenye utapiamlo mkali walipungua kutoka 6.3 katika kila 100 mwaka 1984 hadi 1.8 mwaka 1988.

Hapo ndipo ilipo siri ya mabadiliko ya kudumu. Mashirika huja na huondoka; fedha za wafadhili zina mwisho; unga wa msaada nao unaweza kukoma. Kinachobaki ni kijiji kilichozoea kuwapima watoto wake chenyewe, kuuliza sababu na kuigawana kazi. Idara zikikutana ili kuandikiana taarifa tu, mtoto haongezeki hata gramu moja.

NYUMBANI NA KAMBINI

Familia za askari na polisi zina la kujifunza katika habari hii, maana mshahara wa kila mwezi si kinga dhidi ya udumavu. Mume hupelekwa mbali, mama hubaki peke yake, na katika nyumba za kambini mchele na maharage huhesabiwa kuwa ndiyo mlo kamili.

Mambo yafuatayo hayahitaji mfadhili. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake hadi atimize miezi sita, kisha aendelee kunyonya huku akipewa chakula kingine. Uji wake utiwe maziwa, dagaa waliosagwa, karanga au yai, na pembeni awepo na mboga za majani na tunda. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kumlisha. Kadi yake ya kliniki isomwe na baba pia, si mama peke yake. Na nyuma ya nyumba, hata kama nafasi haizidi upana wa mkeka, ipandwe mchicha.

Baba aliye lindo akipiga simu nyumbani, aulize kama fedha zimefika, kisha aulize na uzito wa mtoto wa mwezi huu.