Je, Wajua? Nyuzi za Machi humsubiri korongo

Nchini Bulgaria, kila tarehe 1 Machi watu huvalishana martenitsa, pambo dogo la nyuzi nyekundu na nyeupe, kumkaribisha Baba Marta, bibi kizee wa masimulizi anayeleta majira ya kuchipua. Kulitengeneza hakuhitaji mashine: unasokota nyuzi mbili za sufu mpaka zikaze, unazikunja katikati zijiviringishe zenyewe, kisha unapiga fundo na kuacha vishada mwishoni. Wenye subira hutengeneza wanasesere wawili wa nyuzi, Pizho mweupe na Penda mwekundu. Hao ndio wanaopendeza kuliko mapambo yote.

Martenitsa haivuliwi ovyo. Wengi huivaa mpaka waone korongo, mbayuwayu au mti uliochanua, ndipo huifunga kwenye tawi. Mwaka 2017 UNESCO iliiingiza mila hii katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, pamoja na zile za Romania, Moldova na Makedonia Kaskazini.

Na korongo weupe wa Ulaya ya mashariki huikimbia baridi ya kwao na kuja Afrika. Wengine huonekana wakidonoa panzi kwenye nyika za Kenya na Tanzania.