MAJI HAYAANZII PALE YANAPODONDOKA

Usiku mmoja wa Aprili 2024, mwaka ambao masika yalileta mafuriko makubwa nchini, nilikuwa nikitoka Kajiado kurudi nyumbani Kitengela. Garini walikuwamo mama yangu mzazi na kitinda mimba wangu, msichana wa miaka sita. Tulipokaribia Isinya mvua ilitushukia kwa kishindo, na ghafla taa za mbele zikazimika. Lori lilikuwa likitujia. Nikakata usukani, nikatoka barabarani na kusimama matopeni huku moyo ukinidunda.

"Baba, miguu yangu imelowa," akasema mtoto.

Nikapapasa zulia. Lilikuwa limejaa maji, na maji hayo hayo yalikuwa yakidondokea nyaya zilizo chini ya dashibodi.

Gari lenyewe ni Peugeot 504 kuukuu niliyoachiwa na marehemu baba. Wasomaji wa makamo hawana haja ya kuelezwa sifa zake. Ndiyo iliyompa Ove Andersson ushindi wa Safari Rally mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas mwaka 1978. Lakini usiku ule sifa hizo hazikutufaa kitu. Mke wangu alisema wazi: liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu kabla halijatuua.

Nilikuwa nimekwisha kumlipa fundi mmoja mara mbili. Mara ya kwanza alipaka gundi nyeusi kukizunguka kioo cha mbele. Mara ya pili aliziba vitundu vilivyo chini ya milango, akidai maji yanapandia huko. Tangu siku hiyo milango ikawa mitungi. Kila nikikata kona nasikia maji yakichapuka ndani.

Aliyenifumbua macho hakuwa makanika. Ni jirani ya mama huko Kajiado, mzee wa Kimaasai anayeweza kunizaa. Kwa desturi ya Wamaasai, mjenzi wa nyumba ni mwanamke. Yeye ndiye anayekandika kuta na paa kwa udongo na mavi ya ng'ombe, na paa likivuja, yeye ndiye anayepanda juu kuziba. Nilipomsimulia mkasa wangu akacheka.

"Yeyo, mbona wanicheka?" nikauliza.

"Kijana wangu, wewe unaziba pale ulipolowa," akasema. "Maji hutembea. Mimi hutafuta yalikoingilia. Tena ukiziba njia ya kutokea, yatalala ndani pamoja nawe."

Jumamosi iliyofuata nilitoa viti na zulia, nikatandaza magazeti makavu sakafuni. Kijana wangu mkubwa akashika mpira wa maji, nami nikaketi ndani na tochi. Tulianzia chini, mlango mmoja mmoja, kila mahali dakika tano, kisha kioo, na mwisho paa. Ukianzia juu, maji yatateremka kila upande nawe hutajua yameingilia wapi.

Kwenye kioo kulikuwa kukavu. Tulipofika kwenye kidirisha cha paa, hazikupita dakika mbili: tone likateremka ndani ya nguzo ya kioo, likatokea chini ya dashibodi, na gazeti likalowa.

Kumbe kidirisha cha paa hakizuii maji yote. Kimezungukwa na kijifereji chenye vimirija pembeni, ambavyo hupita ndani ya nguzo na kumwaga maji nje. Na udongo wetu wa Kitengela tunaujua: ule mweusi, wakati wa kiangazi huwa vumbi, wakati wa masika huwa gundi. Ulikuwa umeviziba vimirija hivyo kabisa.

Nilichukua waya wa breki ya baiskeli, nikausukuma polepole. Matope yakatoka kama dawa ya meno. Sikutumia upepo wa kompresa, kwani nguvu yake yaweza kuchomoa kimrija kule ndani usikoweza kukifikia. Kisha nikazibua vitundu vya milango kwa msumari, na maji ya wiki nyingi yakamwagika.

Mpenzi msomaji, usidhani kazi iliishia hapo. Sponji iliyo chini ya zulia ilikaa juani siku tatu ndipo ikakauka. Chini yake nilikuta kutu, tena karibu na bolti za kiti. Niliikwangua kwa brashi ya waya, nikapaka rangi ya kuzuia kutu. Palipotoboka nilimpelekea mchomelea vyuma, maana sakafu inayoshika kiti haifai kuzibwa kwa gundi. Fundi wa umeme naye akabadilisha nyaya zilizooza.

Vuli ilipofika, nilimpeleka mama Kajiado, mji ambao jina lake latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya mto mrefu. Mvua ilitupata njiani. Mama hakusema neno. Aliinama tu, akapapasa zulia kwa kiganja, kisha akaegemea kiti na kusinzia.

Nawe mwenye gari kuukuu la kidirisha cha paa, usingoje mawingu. Fungua kidirisha, umimine kikombe kimoja cha maji katika kijifereji chake, halafu uchungulie chini ya gari. Yakitoka, safari njema. Yasipotoka, jua kwamba unasafiri nayo.